Aliyemfundisha Mario Kuogelea

PlayStation ya kijivu ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya meza ya fundi, kifuniko chini, pembeni imeinuliwa kwa vitabu viwili vya risiti ili isikose hewa. Kwenye runinga Crash, yule mnyama wa gemu ya Crash Bandicoot, alikuwa akikimbia kuja upande wetu, lile jiwe likimfuata mgongoni. Fundi alisema anajaribu lenzi ya kusomea CD tu. Lenzi ilikuwa imeshakubali kitambo, lakini padi haikuwekwa chini.

Kijana mmoja aliyekuja kuchukua simu yake akasimama kutazama.

"Ami, huyu si wa Xbox siku hizi?"

"Wa Xbox?" Fundi hakugeuka. "Crash ni wa Sony, yakhe. Tangu wewe hujazaliwa."

Kijana akafungua simu yake akamwonyesha. Microsoft, wenye Xbox, iliinunua Activision Blizzard Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69, na ndani ya furushi hilo Crash alikuwemo. Fundi alipoinama kusoma, jiwe likamfikia Crash.

Mwembe Tayari, hapa Mombasa, ubishi hauombewi kibali. Muuza kahawa alipopita tulikuwa tumeshajaa kibandani, na swali lilikuwa limegeuka: katika gemu za zamani zilizotengenezwa na studio mshirika, yaani ile inayofanya kazi bega kwa bega na Sony au Nintendo bila kuwa mali yao, ipi imezipita zote? Mario haingii, huyo ni mtoto wa nyumbani kwa Nintendo. Winning Eleven haingii, Konami haikufungwa na mtu. Mshirika lazima awe pale katikati.

Niliondoka bila kupiga kura.

Wiki kadhaa zimepita, na bado najibizana kichwani na watu waliokwisha kwenda zao kulala.

## Tekken itoke kwanza

Najua wapo watakaoacha kusoma hapa. Vibandani, kuanzia Majengo hadi Kisauni, PlayStation na Tekken 3, gemu ya kupigana, vilikuwa kitu kimoja. Unalipa, unakaa kwenye benchi, unamchagua Eddy, unabonyeza vitufe ovyo na kumlaza mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima. Hakuna aliyeuliza gemu ni ya nani. CD zenyewe zilikuja ndani ya mifuko ya nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mara nyingi likiwa na herufi pungufu.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Tekken ya kwanza, ya 1994, iliendeshwa na System 11, bodi ya mashine za kumbi za michezo, ambayo Namco, waundaji wa Tekken, na Sony waliibuni pamoja kwa kuifuata PlayStation yenyewe. Ndiyo maana ilipohamia majumbani mwaka 1995 haikupoteza mengi njiani. Tena, Ulaya Sony ndiyo iliyozitoa sokoni Tekken zote tatu za PS1. Mtu akikuwekea hayo mezani utakosa la kusema kwa dakika kadhaa.

Lakini Namco ilikuwa na duka lake. Mwaka 1999, Tekken 3 ikiwa bado ya moto, iliipeleka Soulcalibur, gemu yake nyingine ya kupigana, kwenye Dreamcast ya Sega, na wengi waliinunua mashine ile kwa ajili ya gemu hiyo. Mshirika gani humpa hasimu wa mwenziwe silaha kama ile? Huyo ni jirani mwema tu, anayekukopesha ngazi leo na kumkopesha wa pili kesho.

Nimeitoa Tekken, na roho yaniuma.

## Gemu iliyokuwa ikiomba CD kila hatua

Crash alikuwa na wenyewe watatu tangu siku ya kwanza. Naughty Dog, studio ya Andy Gavin na Jason Rubin, ndiyo iliyomuumba. Universal iliyowapa fedha na ofisi ndiyo iliyoshika hakimiliki, na mtu wake Mark Cerny akiisimamia kazi. Sony ikaitoa gemu mwaka 1996 na kumsukuma Crash mbele kana kwamba ni mwanawe, amkabili Mario. Aliyemchora hakuwa na hati, mwenye hati hakuwa na mashine, mwenye mashine ndiye aliyesifiwa. Kijana wa simu na fundi wote walikuwa na haki yao.

Ila hati hazinikoseshi usingizi. Kinachonishika ni kazi yenyewe.

PS1 ilikuwa na megabaiti 2 za kumbukumbu, na hatua moja ya Crash ilizidi hapo. Naughty Dog wakaikata kila hatua vipande vya kilobaiti 64. Kadiri Crash anavyosonga, mashine inavuta vya mbele kutoka kwenye CD na kuvitupa vya nyuma. Ile njia nyembamba ya msituni ambayo watu waliicheka, wakisema gemu haikupi uhuru, ndiyo iliyowawezesha wajue mapema mchezaji ataona nini kutoka wapi, wapige hesabu hizo ofisini, kisha mashine ibaki na kazi ya kuchora tu. Crash mwenyewe alikuwa na poligoni 512, yaani vile vipande bapa vinavyounda umbo, karibu mwili mzima amepakwa rangi tupu bila picha za kubandika. Walichookoa huko wakakimalizia usoni, kwenye nyusi na lile domo.

Sasa ipeleke kazi hiyo ndani ya kibanda cha bati, Mombasa, mchana wa Februari.

Zile PlayStation za mwanzo lenzi ilikaa jirani na umeme. Joto likipanda, reli ya plastiki inayoibeba inalika, lenzi inazama, inakuwa mbali na CD. Gemu inayosoma mwanzoni kisha ikatulia ilivumilia. Crash haikuvumilia, kwa sababu ilikuwa ikiomba CD kila hatua. Anaruka shimo, anaganda hewani, mguu mmoja mbele, na watoto wote kwenye benchi wanashusha pumzi. Mwenye kibanda anakuja, anaipindua mashine kifudifudi, lenzi inarudi karibu na CD kwa uzito wake, na Crash anamalizia kuruka.

Ndiyo maana fundi wetu huijaribu lenzi kwa Crash na si kwa gemu nyingine. Ikipita pale itapita popote. Nani kati ya waliokuwa California angejua kwamba ujanja wao wa kukata vipande vya kilobaiti 64 utakuja kuwa kipimo cha mafundi wa Mwembe Tayari?

Hapo nilikuwa karibu kupiga kura.

## Ndugu kutoka Dubai

Nikaikumbuka GoldenEye, gemu ya risasi ya James Bond.

N64, mashine ya Nintendo iliyoiendesha, haikuwahi kuwa ya vibandani. Biashara ya kibanda ilisimama juu ya PlayStation iliyotiwa chipu na CD za kunakili, na kaseti za Nintendo hazikunakilika hivyo. Mimi niliiona pale ndugu yetu aliyelelewa Dubai alipokuja likizo na kuitandaza sebuleni kwa bibi, Kibokoni. Ilikuwa na matundu manne ya padi. Kwetu padi ya tatu ilikuwa ndoto.

Runinga ikagawanywa robo nne, kila mtu na robo yake, na kila mtu akimchungulia mwenziwe. Sharti likatungwa usiku uleule: hakuna kumchukua yule mhusika Oddjob, kwa kuwa ni mfupi na risasi zinampita juu. Baadaye nimesoma kwamba sharti hilo lilitungwa na watoto wa dunia nzima, bila kuambizana.

GoldenEye ilitoka Agosti 1997, karibu miaka miwili baada ya filamu yenyewe. Iliundwa na Rare, studio ya ndugu wawili, Tim na Chris Stamper, kijijini Twycross, Uingereza. Nintendo ilikuwa imenunua sehemu ya hisa za Rare, sehemu iliyofika asilimia 49 bila kuvuka nusu. Kiongozi wa gemu alikuwa Martin Hollis, na wengi wa wenzake walikuwa hawajawahi kutengeneza gemu maishani. Ile sehemu ya watu wanne, ambayo ndiyo watu wanaikumbuka, aliitia Steve Ellis katika miezi ya mwisho mwisho, na wakubwa walikuja kuijua ilipokuwa tayari inachezeka.

Hollis amesimulia pia kwamba Shigeru Miyamoto alituma faksi. Aliona mauaji yamezidi, akapendekeza mwishoni mchezaji aende hospitali akawape mkono maadui wote aliowapiga risasi. Wale Waingereza hawakuitia hospitali. Walichofanya ni kuonyesha mwishoni orodha ya wahusika kama waigizaji wa filamu, ujue kwamba yalikuwa maigizo.

Hebu fikiria. Faksi inatoka kwa mtu aliyemuumba Mario, wa kampuni yenye karibu nusu ya hisa zako, nawe unaisoma, unachukua kilichokufaa, unaendelea na kazi.

Iliuza zaidi ya nakala milioni 8. Septemba 2002 Microsoft ikainunua Rare yote kwa dola milioni 375, Nintendo ikachukua fedha za hisa zake na kufunga mlango. Leo Crash na Banjo, yule dubu wa Rare, waliokuwa wakizipigania nyumba mbili zenye uhasama, wanalala chini ya paa la mtu wa tatu.

## Tajiri na nahodha

Kwa siku nyingi niliridhika na maelezo haya: mshirika ni kama nahodha wa jahazi. Tajiri mwenye chombo anabaki bandarini, anatoa tanga na posho, na mapato yanagawanywa chombo kikirudi. Lakini kaskazi ikichafuka, anayeshika usukani ni nahodha. Rare iliisoma faksi ya Miyamoto kama nahodha anavyousikia ushauri wa tajiri. Siku akiajiriwa kwa mshahara, au chombo kikiuzwa na yeye ndani, mkono unakuwa mwingine.

Maelezo matamu. Yana tundu.

Sony iliinunua Naughty Dog mwaka 2001. Kwa hesabu yangu wangepooza. Kumbe ndipo walipotoa Jak, kisha Uncharted, kisha The Last of Us, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema mkono wao ulidhoofika. Insomniac wao walifanya kazi na Sony kwa miaka mingi, kutoka Spyro ya 1998 hadi Ratchet & Clank na kuendelea, bila kununuliwa hadi 2019; na humo katikati, 2014, wakampa Microsoft Sunset Overdrive. Hawa na Namco wana tofauti gani? Nimelizungusha swali hilo na jibu langu halinitoshi: Insomniac walitoka mara moja mbili wakarudi, Namco haikuwahi kuingia. Kama una jibu lenye nguvu zaidi, lete.

Basi umiliki peke yake haupimi kitu. Ubora nao tukiuacha uwe "niliyoipenda nikiwa mdogo", kila mtu atashinda nyumbani kwake. Nilitaka kipimo kinachomhusu mshirika hasa, kisichoweza kutumika kwa gemu ya nyumbani wala ya jirani.

## Maputo mawili

Kabla ya PlayStation nyumbani kwetu kulikuwa na ile mashine ya bei ya chini iliyoiga Famicom ya Nintendo, na kaseti ya njano iliyojisifu kuwa na gemu 999999. Zilikuwa chache tu, zikijirudia kwa majina mengine. Ulikuwa unahangaika na waya wa antena nyuma ya runinga ya Great Wall ya inchi 14 hadi picha ikae, halafu vita vinaanza: vifaru, magari, na yule jamaa anayepaa kwa maputo mawili mgongoni.

Walionakili walikuwa wamefuta majina. Skrini ya kwanza ilibaki na jina la gemu, au hata hilo halipo. Kwetu zile gemu hazikuwa za kampuni yoyote. Zilikuwa za kaseti.

Yule jamaa wa maputo anatoka Balloon Fight. Ile ya magari ni F-1 Race ya 1984. Zote mbili, kwenye Famicom, programu yake iliandikwa na kijana mmoja wa HAL Laboratory, studio ndogo ya Japani iliyokuwa ikifanya kazi kwa Nintendo bila kuwa mali yake. Jina lake Satoru Iwata.

Mshirika, basi, alikuwa ndani ya nyumba zetu kabla ya Crash na kabla ya ndugu wa Dubai.

Lakini kilichonigeuza ni mazungumzo ya miaka ya baadaye, Iwata akiwa rais wa Nintendo, alipokaa na Toshihiko Nakago kukumbushana zamani. Nakago alikuwa mkuu wa SRD, kampuni iliyoandika programu ya Super Mario Bros. Balloon Fight ilikuwa na matoleo mawili: la mashine za kumbi za michezo, lililosimamiwa na upande wa Nakago, na la nyumbani la Iwata. Ajabu ni kwamba la nyumbani, kwenye mashine dhaifu zaidi, lilipaa kwa ulaini kuliko la ukumbini. Nakago akamuuliza siri. Iwata akamweleza: wenzake walikuwa wakihesabu mahali pa mhusika kwa namba nzima, yeye alikuwa akihesabu hadi baada ya nukta. Mhusika hasogei alama moja kamili kila mara. Anasogea nusu, robo, na yale mabaki yanahifadhiwa yasipotee. Ndipo uzito, mwendo na kuelea vinapokuwa laini.

Hesabu ile Nakago akaondoka nayo. Septemba 1985 Super Mario Bros. ilipotoka, hatua za chini ya maji, Mario akielea, akizama taratibu ukiacha kitufe, akipanda ukikibonyeza, ziliendeshwa nayo.

Ukitaka kuamini, cheza Balloon Fight kisha uingie hatua ya pili ya dunia ya pili kwenye Mario. Kidole gumba chako kitajua kabla yako. Mbonyezo ni ule ule, na ule mzubao mdogo kabla ya kushuka ni ule ule.

Nikapata kipimo nilichokuwa nakitafuta: mshirika aliiachia nini nyumba aliyoifanyia kazi?

GoldenEye iliacha sifa na fedha, lakini sehemu ya watu walioitengeneza, Ellis akiwemo, walikuwa wameshatoka Rare kufikia 1999 na kuanzisha studio yao, na Rare yenyewe ikauzwa. Nintendo haikubaki na mikono hiyo. Crash inafanya vizuri zaidi, na si kwa sababu ya Naughty Dog peke yao. Yule Cerny wa Universal ndiye aliyekuja kuongoza usanifu wa PS4 ya 2013 na PS5 ya 2020, akiwa bado na kampuni yake mwenyewe. Msimamizi wa mnyama asiyekuwa wa Sony ndiye aliyezichora mashine za Sony. Hoja hiyo ingemfariji fundi sana.

Iwata amemzidi. Aliingia kwa hesabu ya nukta, na mwaka 2002 akakalia kiti cha rais wa Nintendo, wa kwanza asiyetoka katika ukoo wa waanzilishi, akina Yamauchi. Alikikalia hadi alipofariki Julai 2015.

## Kura

Kura yangu ni Balloon Fight.

Nasikia kelele tayari. Kwamba ni ile gemu ya Joust ya 1982 iliyovishwa maputo: kweli, kwa sura. Kwamba ni gemu ndogo, unaimaliza kuielewa kwa dakika tano: kweli pia, na mimi gemu ya dakika tano ninayoirudia nikiwa mtu mzima naithamini kuliko ya saa arobaini niliyoiacha njiani. Kwamba GoldenEye ilibadilisha dunia: ilibadilisha, naiweka ya tatu nyuma ya Crash, na kwa hilo nimejiandaa kutukanwa.

Pingamizi ninaloliogopa ni moja, na hakuna aliyenitolea bado. SRD waliomwandikia Mario programu hawakuwa mali ya Nintendo. Walikaa ndani ya ofisi zake miongo kadhaa, lakini Nintendo ilitangaza kuinunua kampuni yao 2022 tu. Kwa hiyo ile sheria yetu ya kwanza, kwamba Mario haingii, ina nyufa. Nimeamua abaki nje kwa kuwa aliyeibuni gemu ni Miyamoto na Takashi Tezuka, watu wa nyumbani kabisa. Walioandika programu walifuata ramani yao. Iwata kwenye Balloon Fight hakuwa akifuata tu, alikuwa akiwapita wenye ramani.

Na atakayekuja na Metroid Prime, gemu ya Retro Studios kwa Nintendo, ajibu kwanza hili: Nintendo iliimalizia kuinunua Retro Studios Mei 2002, na gemu ikatoka Novemba. Miezi hiyo sita aihesabu kwa nani?